Masika ya Kitabu Chenye Jina Langu

Jumanne, 24 Machi

Masika yameingia leo. Nilikuwa Mtaa wa Sikukuu na marobota ya vitenge. Niliyafunika turubai, mimi nikalowa mpaka soksi. Mzigo ukilowa nalipa mimi, lakini mimi nikilowa halipi mtu.

Jioni nilifungua begi kuangalia kitabu changu. Kikavu. Nimekivalisha karatasi ya kaki, kama tulivyokuwa tunafunika madaftari shuleni kule Newala, na juu ya kaki nimekitia kwenye mfuko wa nailoni. Shule niliishia kidato cha pili, ila kufunika daftari nililijua kuliko darasa zima.

Naandika haya kwa sababu ya mwenye kitabu hicho. Mama Hyasinta Nandule ni mwalimu mstaafu, mtu wa kwetu kusini, anatunga hadithi. Novemba iliyopita alinikodi nitoe maboksi ya kitabu chake kipya kwa wachapaji, Gerezani, niyapeleke dukani kwa Polycarp, Mtaa wa Aggrey. Njiani mvua ikatukamata. Nikavua koti langu la mvua nikafunika maboksi, na yeye, mama mtu mzima, akapanda juu ya mkokoteni akakalia turubai lisipeperuke, anacheka. Mpiga picha wa mtaani akatupiga. Tulipofika dukani alifungua boksi la kwanza, akatoa kitabu cha juu, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Akaandika ndani kwa kalamu ya bluu: "Kwa Shomari Likwena, aliyekibeba kabla hakijasomwa na mtu." Akatia saini palepale, mstari uleule. Picha ilipokuja nayo akaitia saini, upande alipo yeye, akanipa.

Siku hiyo aliniambia na mimi niwe naandika, hata mstari mmoja kwa siku. Nimechelewa kuanza.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Mabega yanauma.

Jumanne, 31 Machi

Mzee Awadhi ametuita sisi tunaokodi mikokoteni yake. Anaiuza yote. Anataka kununua maguta ya injini, yale ya magurudumu matatu, kwa sababu siku hizi wenye mizigo wana haraka. Mkokoteni ninaovuta mimi umeshapata mtu wa Buguruni, ila Mzee Awadhi amesema kwa heshima ya miaka tuliyokaa pamoja atanisubiri mpaka Idi Kubwa. Nikileta hela ni wangu. Nisipoleta, unakwenda Buguruni.

Ule mkokoteni matairi nimefunga mimi, mbao za kitako nimebadilisha mimi. Ukienda, narudi kubeba kichwani na vijana. Shingo yangu haiwezi tena, naijua.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimesikia redioni dukani kwa Polycarp. Kitabu cha Mama Hyasinta kimepata tuzo. Nilisimama na boksi begani mpaka habari ikaisha. Kile kitabu mimi ndiye niliyekitoa kwa wachapaji.

Kisha Polycarp akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mama alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Ameamka, anatembea, anaongea, ila mkono wa kulia haushiki kalamu. Hatatia saini tena. Vilivyotiwa saini ni vilevile vichache vya Novemba, na Polycarp vyake ameviuza vyote kabla ya tuzo. Alikuwa anajipiga paji la uso.

Nilienda zangu nikiwaza mkokoteni.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo tumebishana dukani. Polycarp anatoka Rombo na sote tunamwita Mangi. Anauza vifaa vya shule na fremu, na ukuta mzima wa nyuma ni picha za wachezaji wa mpira na waimbaji, zenye saini zao. Hizo ndizo zinazomlisha. Nilipomwambia nina kitabu na picha ya Mama, vyote vina saini, akaniambia nilete picha, kitabu nikakisome.

"Picha inajiuza kutoka mlangoni," alisema. "Mtu anapita barabarani anaiona. Kitabu mpaka umfungulie, umtafutie ukurasa, asome. Nani ana muda huo Kariakoo?"

Nilimjibu kwamba picha zake zinatolewa mia kwa mashine, mchezaji anazitia saini akiwa ndani ya gari, hajui hata zinakwenda kwa nani. Wino wenyewe umekaa juu, ukisugua kwa kidole unatoka. Wino wa kitabu umeingia kwenye karatasi, na kitabu kinafungwa, jua halikioni. Polycarp akasema kitu kisichoonekana hakina bei. Ridhiwani, mvutaji mwenzangu, alikuwa amekaa mlangoni anakula muhogo. Akasema niuze vyote viwili ninunue bajaji, nimwache yeye na shida zake.

Mangi mwishoni alikubali kumpigia simu wakili mmoja, Bi Joyceline, anayekusanya vitabu vyenye saini. Atakuja Jumamosi ijayo.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimefanya kazi kubwa bila kuvuta mzigo.

Nimefikiri hivi. Yule ni wakili. Atauliza, nitajuaje saini hii ni ya mama mwenyewe? Maisha yangu yote sijaona saini ikaaminiwa peke yake. Barua ya utambulisho, karatasi ya shamba la mikorosho, fomu ya mtoto ya shule, zote zinataka muhuri. Bila muhuri wanakurudisha.

Kwa hiyo nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nimepanga foleni na watu wa barua za dhamana. Mtendaji alidhani kitabu ni cha malalamiko. Nilipomweleza akasema hawezi kuthibitisha saini ya mtu asiyekuwepo. Nikatoa picha. Akaweka picha na kitabu pamoja, akavaa miwani, akalinganisha herufi moja moja. Akasema, haya, ni mkono mmoja. Akagonga muhuri wa bluu, ukagusa mkia wa saini kama inavyotakiwa, ili asije mtu akabadilisha. Akaandika "Imethibitishwa" na tarehe, akatia saini yake.

Nimerudi kifua mbele. Kitabu kina saini, kina muhuri wa serikali. Sasa ni cha uhakika.

Jumamosi, 18 Aprili

Bi Joyceline amekuja. Ni mtu mwenye adabu, aliniamkia kwanza, akaniita kaka. Alinawa mikono kabla ya kushika kitabu. Aliifungua kaki yangu taratibu akasema nimekitunza vizuri kuliko watu wenye makabati ya vioo. Nikajisikia mkubwa.

Akafika kwenye ukurasa. Akaweka kidole kando ya muhuri.

"Nani amegonga muhuri hapa?"

"Mimi nimepeleka. Mtendaji amegonga."

"Kwa nini, kaka Shomari?"

"Ili kiaminike."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Akanieleza pole pole. Kwa watu wanaokusanya vitabu, ukurasa wenye saini unatakiwa ubaki kama mwandishi alivyouacha. Mkono mwingine ukiongeza kitu, hata uwe wa serikali, ni doa. Na hata kabla ya muhuri, jina langu lilikuwa linapunguza bei, kwa sababu saini tupu inamfaa yeyote, lakini ikiandikwa "Kwa Shomari", mnunuzi atajiuliza Shomari ni nani.

Nikamwambia, "Ni mimi hapa."

"Najua," akasema. "Lakini soko halikujui."

Bei aliyonitajia haifiki hata matairi mawili. Nilimshukuru, nikakirudisha kwenye nailoni. Polycarp alikuwa amegeukia ukuta anapanga kalamu ambazo zilishapangwa.

Jumanne, 21 Aprili

Ridhiwani amenipa jina. Sasa naitwa Mtendaji. Asubuhi kwa mama ntilie ameninyooshea chapati, anasema, "Mtendaji, nigongee muhuri hapa, nisije nikaibiwa."

Watu wote wamecheka. Na mimi nimecheka. Ningefanyaje?

Jumamosi, 25 Aprili

Polycarp amepata mteja wa picha. Bei aliyoitaja ni mkokoteni mzima. Nilitaka kumkumbatia. Nilikimbia Gerezani chumbani kwangu kuileta, nikarudi nimeiweka kifuani chini ya shati kwa sababu ya mvua.

Akaiweka juu ya meza. Akachukua rula, akailaza wima katikati, kati ya Mama aliye juu ya maboksi na mimi niliyeshika mikono ya mkokoteni.

"Tunakata hapa," akasema.

Nikamuuliza tunakata nini.

"Mteja anamtaka mwandishi. Saini iko upande wake, hatuigusi. Wewe, bila kukukosea heshima, angeweza kuwa mvutaji yeyote."

"Angekuwa mwingine, maboksi yangelowa."

"Mmakonde, usiwe mbishi. Nakupa mkokoteni, wewe unataka kubaki kwenye picha?"

Ndiyo, nataka kubaki kwenye picha. Sikumjibu hivyo. Nilitoa rula, nikachukua picha yangu, nikaondoka. 

Nimempigia Husna kule Newala nikamsimulia. Mke wangu akasema niuze, sura yangu anaikumbuka, mkokoteni ndio hajawahi kuuona. Nimekaa nikaliwaza hilo mchana kutwa. Ana haki.

Lakini nimeona kitu ambacho siku ile ya kubishana sikukijua. Picha unaweza kumkata mtu na ikabaki picha, tena ikapanda bei. Kitabu changu huwezi. Ukikata jina langu, saini inakwenda nalo, maana Mama aliviandika mstari mmoja. Sijui kama alikusudia.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua haikatiki. Jangwani hakupitiki. Leo sikupata mzigo hata mmoja.

Jumamosi, 2 Mei

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Mvua ilianza alfajiri, na saa tatu Mtaa wa Aggrey ulikuwa mto. Maji ya mtaro yalipanda barazani, yakaanza kuingia madukani. Mimi na Ridhiwani tulikuwa tumejibanza kwenye ghorofa linalojengwa. Tukamwona Polycarp amesimama mlangoni kwake, suruali imekunjwa, ndoo mkononi, hajui aanze wapi. Ridhiwani akasema tumwache, si ana rula, apime kina. Nilikuwa nimekaribia kukubali. Kisha nikaona maboksi ya madaftari yananyonya maji kwa chini. Mzigo unaolowa siwezi kuutazama. Ni ugonjwa.

Nikavuta mkokoteni mpaka mlangoni, Ridhiwani akanifuata anatukana. Tulipakia karatasi, tukafunika, tukapeleka kwenye ngazi za jengo la jirani, tukarudi. Maji yalikuwa yanatoka ukutani pia, nyuma ya zile picha. Fremu zilijaa ukungu kwa ndani, picha zimegandana na vioo. Polycarp alipojaribu kuibandua moja, saini yote ya mchezaji ikabaki kwenye kioo, picha ikatoka tupu. Akajaribu ya pili. Ya tatu. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Maji yalipofika magotini nilimwuliza tuokoe ipi kwanza kati ya zile kubwa. Hakuchukua hata moja. Alipanda juu ya stuli, akafikia juu kabisa ya kabati, akatoa fremu ndogo iliyofungwa plastiki. Akanipa mimi niishike yeye ashuke. Ni kijana mwenye glavu za golikipa, uwanja wa vumbi, nyuma yake migomba. Pembeni ameandika kwa kalamu ya kawaida: "Kwa Poli, usiiuze. Aaron."

Tulipokuwa kwenye ngazi, tumelowa wote sawa, akaniambia Aaron ni kaka yake. Alidaka timu ya kijijini, hakuna anayemjua, na amefariki siku nyingi. Alitia saini kwa utani, akijifanya nyota.

"Wateja wameiulizia?" nikamwuliza.

"Mmoja alitaka fremu. Akasema picha nitoe."

 Sikumkumbusha rula. Alikaa anaifuta ile plastiki kwa mkono wa shati ambao nao ulikuwa umelowa.

Jumapili, 3 Mei

Jua kidogo. Tumeanika madaftari ya Mangi juu ya mkokoteni. Amenunua chai na chapati za watu wote. Ridhiwani hakuomba muhuri.

Jumanne, 5 Mei

Mama Hyasinta ameniita kwake Ilala. Polycarp ndiye aliyempa namba yangu.

Nilimkuta barazani, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." Akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za Newala kwa Kimakonde. 

Nilikuwa nimekwenda na kitabu. Niliona nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Nikafungua ukurasa, nikamsimulia ofisi ya mtaa, miwani ya mtendaji, Bi Joyceline na doa. Yeye alisoma muhuri kuanzia juu mpaka chini, pamoja na tarehe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ule mkono mzima.

"Nimeandika vitabu maisha yangu yote," akasema, "na hakuna hata kimoja serikali ilichokithibitisha. Ni hiki tu."

Akaniagiza kibati cha wino kabatini. Tangu aumwe, karatasi za pensheni anaweka dole gumba. Akachovya dole la kushoto, akalikandamiza chini ya muhuri, taratibu, akaliinua. Akaniambia, sasa wakikuuliza Shomari ni nani, waje waniulize mimi.

Kisha akanieleza alichoniitia. Wachapaji wanatoa kitabu mara ya pili kwa sababu ya tuzo. Kwenye jalada wanataka ile picha, naye ana nakala yake. Mchoraji wa jalada alitaka abaki yeye peke yake juu ya maboksi. Mama akamwuliza, "Ukimtoa huyu, mkokoteni unavutwa na nani?" Mchoraji akakubali. Nitakuwepo mzima, na mkokoteni, na mvua.

"Lakini sura ni yako," akasema. "Naomba ruhusa. Na watakulipa, nimeshawaambia."

Nimekaa Dar miaka mingi. Nimeambiwa sogea, pita huku, shusha hapa, ondoa mkokoteni wako. Sijawahi kuombwa ruhusa. Nilishindwa kujibu haraka, Mama akadhani nakataa.

Jumamosi, 16 Mei

Wachapaji wamenilipa. Nimempelekea Mzee Awadhi, haikufika bei yote, na nikamwonesha jalada lilivyo. Akalitazama sana. Akasema ule kwenye picha ni mkokoteni wake, hajaombwa ruhusa, kwa hiyo na yeye alipwe. Nikamwambia akawadai wachapaji. Akasema hapana, nitamlipa mimi. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho akakubali kilichopungua kiwe ndio malipo yake ya kuonekana kwenye kitabu, kwa sharti nimpe nakala moja, awaoneshe wajukuu.

Mkokoteni ni wangu. Nimeuvuta mtupu kutoka kwake mpaka Gerezani, polepole, kwa barabara ndefu.

Jumamosi, 23 Mei

Leo kitabu kimetoka mara ya pili. Mvua imekatika tangu juzi, mitaa imebaki tope na harufu ya maboksi yaliyooza. Maboksi kutoka kwa wachapaji nimeyavuta mimi, kwa mkokoteni wangu.

Polycarp ameupaka chokaa ule ukuta wa nyuma. Picha kubwa hazijarudi. Amepigilia msumari mmoja katikati na kumtundika Aaron, na chini ya fremu ameandika "Haiuzwi". Mimi aliniwekea kiti pembeni ya Mama, kiti cha mgongo, si stuli.

Mama alikuwa anaweka dole gumba kwenye kila kitabu. Foleni ilifika duka la tatu. Polycarp mwanzo alikuwa na wasiwasi, ananinong'oneza kwamba nani atanunua alama ya kidole. Walinunua.

Bi Joyceline alikuja. Aliniomba aone tena kitabu changu cha kwanza. Nilikuwa nacho, nikampa. Akautazama ukurasa kwa muda mrefu, saini, muhuri, dole. Akasema hajawahi kuona ukurasa kama huu na hadhani atauona mwingine, na kama nataka, tuzungumze upya.

"Hakiuzwi, dada," nikamwambia. Sikuuliza bei.

Nilidhani ataondoka. Akatoa kitabu kipya alichonunua, chenye dole la Mama ndani, akakifunga, akakiweka mbele yangu upande wa jalada. Akanipa kalamu yake. Akasema nitie saini pale nilipo, kwenye mikono ya mkokoteni.

"Saini tupu?" nikamwuliza. "Inayomfaa yeyote?"

Akatabasamu. "Hapana. Andika kwa jina langu."

Niliuliza jina lake linaandikwaje, kama Mama alivyoniuliza mimi. Mkono ulikuwa mzito, kalamu ni nyepesi kuliko vitu ninavyoshika. Watu wa foleni wakasogea kunitazama. Nikaandika polepole, kwa mwandiko wa shule: "Kwa Joyceline, kutoka kwa Shomari Likwena." Nikaandika na Newala, ijulikane.

Ridhiwani alikuwa mwisho wa foleni na nakala yake kwapani. Akapaza sauti, "Mtendaji, gonga muhuri basi."

Muhuri sikugonga.